Nyumba ya Desemba: ni yenu au ni yake?

Leo nataka tuzungumze habari ya nyumba. Siyo hii mnayolala kila siku, ambayo mkigombana kila mtu anajua kona yake ya kununia. Nazungumzia ile nyingine, ile ya kwenda kupunga upepo.

Unaijua bwana, usijifanye. Kwa watani wangu wa Kilimanjaro ni ile iliyosimama kihambani, kule Rombo, Machame au Marangu. Mwaka mzima imefungwa kwa kufuli, anayeishi humo ni popo na buibui. Ikifika Desemba inafunguliwa, magodoro yanaanikwa juani, mbuzi anafungwa mgombani na ukoo mzima unajaa. Si ndiyo ile safari ambayo sisi wengine tunasema wanakwenda kuhesabiwa? Kwa wengine ni kijumba cha vyumba viwili Bagamoyo, mahali ambapo ukikaa barazani upepo wa bahari unakupiga usoni. Wengine wanayo Kigamboni, wengine Lushoto kwenye baridi. Wakubwa wanaiita nyumba ya mapumziko. Sisi wa kawaida tunasema tu, "Jumamosi tunakwenda kule kwetu."

Sasa hilo neno "kwetu" ndilo lenye mtego. Kwetu ni kwa nani? Ni kwa mume na mke, au ni kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi? Wengi hawaulizi. Wanauliza siku mambo yamekwisha kuharibika, na siku hiyo jibu huwa linauma.

Yupo dada mmoja ninayemfahamu, mfanyabiashara wa vitenge. Yeye na mumewe walijenga nyumba nzuri tu kijijini kwa mume, kwa ajili ya sikukuu na kwa ajili ya uzee. Mume alinunua tofali na kulipa fundi. Dada akitoka kwenye mchezo wa akina mama, zamu yake ikifika, fedha zinakwenda kwenye bati. Zamu nyingine, milango na madirisha. Masinki na vigae alivibeba mwenyewe juu ya basi kutoka Dar. Miaka tisa, nyumba ikasimama. Mwaka wa kumi mume akafariki. Walipomaliza matanga, ukoo ukaitisha kikao, na shemeji yake, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Shemeji, tunakushukuru kwa yote, lakini hapa ni kihamba cha baba. Wewe nyumba yako ni ile ya Dar."

Wala hakutukanwa. Hakufukuzwa kwa fimbo. Alishukuriwa! Akarudi mjini na mabegi yake, na hadi leo bati alizonunua zinamkinga mvua mtu mwingine.

Ukimsimulia mtu habari hii atakwambia haraka haraka, "Aah, sheria si inamlinda mke? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa!" Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako, maana watu wengi wamesikia nusu ya maneno.

Ni kweli ipo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu chake cha 59 kinasema mume au mke hawezi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Maneno mazuri sana. Lakini sheria hiyo hiyo imeeleza nyumba ya ndoa ni ipi. Ni jengo, au sehemu ya jengo, ambalo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida. Rudia hayo maneno mawili polepole: kwa kawaida.

Sasa niambie, ile nyumba mnayolala siku kumi mwezi wa Desemba na siku tatu za Pasaka, mnaishi humo kwa kawaida? Kijumba cha Bagamoyo mnachokwenda kuchoma samaki mara moja kwa mwezi, mnaishi humo? Wakili wa upande wa pili atasimama na kusema wazi kwamba nyumba ya ndoa ni ile ya Tabata, hii nyingine ni mali tu kama mali nyingine. Na ukuta uliodhani unakukinga unakuta umejengwa kwenye nyumba nyingine.

Haya, kama siyo nyumba ya ndoa, inahesabiwaje? Shuka kifungu kimoja tu, kifungu cha 60. Kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, mume au mke, itachukuliwa kuwa ni ya huyo mwenye jina peke yake. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa kwa sawa. Zote mbili ni dhana, yaani unaweza kuzipinga kwa ushahidi. Lakini kupinga dhana maana yake ni kwenda mahakamani, kutafuta wakili, kupanda na kushuka ngazi, kuambiwa kesi imeahirishwa, huku mwenye jina anakaa barazani anakunywa chai. Mwenye jina anasubiri, asiye na jina ndiye anayethibitisha. Umeona tofauti?

Na akina kaka msicheke. Sheria haitazami nani amevaa suruali na nani amefunga kanga. Wapo wanaume wanaofanya kazi melini, mgodini au wamehamishiwa mikoa ya mbali, wanatuma fedha kila mwezi. Mke ndiye anayeshughulika na kiwanja, anaandikiana na muuzaji, jina ni lake. Wengine ndio kabisa, kiwanja kinaandikwa jina la kaka wa mke "kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo." Siku ya siku jamaa anarudi na begi mgongoni, anakuta yeye ni mgeni kwenye ukuta alioulipia. Dhana ile ile ya kifungu cha 60 inamkaba na yeye. Kibaya zaidi, akisema "nilimpa tu mke wangu," sheria ina dhana nyingine kwamba ulichompa mwenzako kama zawadi ni chake moja kwa moja. Kwa hiyo somo la leo ni la wote wawili, vaeni miwani.

Najua kuna msomaji ataniambia, "Lakini mahakama zinatambua mchango." Zinatambua, wala sikatai. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi moja maarufu sana, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mama wa nyumbani aliyepika, akafua, akalea watoto, hakuwa na mshahara, je, naye amechangia mali za ndoa? Kabla ya hapo majaji walikuwa wanavutana, huyu anasema ndiyo, yule anasema hapana. Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi: kazi za nyumbani ni mchango. Wanawake wengi wa nchi hii wanakula matunda ya kesi ile mpaka leo. Ila yapo mambo mawili ambayo hayasemwi mitaani. La kwanza, Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alimpa fedha za kuanzishia biashara ya familia akazitapanya. Kwa hiyo hata ukiwa na haki, mahesabu yatapigwa. La pili ni kubwa zaidi. Mgawanyo ule unatokana na kifungu cha 114, na hicho ni kifungu cha talaka na kutengana. Mahakama inagawa mali pale ndoa inapovunjwa au wawili wanapotenganishwa. Mume wako akifariki usingizini mkiwa mnapendana kama kumbikumbi, hakuna talaka hapo. Yule dada wa vitenge hakuachika. Alifiwa.

Baadaye zikaja sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikaanza kutumika mwezi Mei 2001. Hizi zimetoa nafuu, na ni vizuri uzijue. Zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya Ardhi inasema tena kwamba mmoja wa wanandoa akipata ardhi kwa ajili ya matumizi ya wote wawili, itadhaniwa kwamba ni ya wote, ila kama hati yenyewe imesema wazi kuwa ameichukua mmoja kwa jina lake tu. Na hata kama hati ina jina la mmoja, yule mwingine akitia jasho lake katika kuitunza na kuiendeleza, anapata haki humo. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Mkopeshaji vilevile.

Kwa hiyo bati za yule dada zina uzito kisheria? Zina uzito, tena mkubwa, kama ardhi ingekuwa ya mumewe. Hapo sasa tunafika kwenye kisiki kilichowaangusha wengi: ile ardhi ni ya nani?

Kihamba, msomaji wangu, si kiwanja cha Tegeta. Ni shamba la ukoo, linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na humo ndimo walimozikwa mababu. Mara nyingi mzee bado yu hai, amemwonyesha mwanawe kwa kidole tu, "Jenga hapo chini ya mparachichi." Hakuna karatasi. Mwana anajenga jumba la milioni nyingi juu ya kidole cha mzee! Na kisheria jengo lililosimikwa ardhini linakwenda na ardhi yake. Ukijenga juu ya ardhi ya baba mkwe, wewe na mumeo wote wawili mmejenga kwa mtu. Hapo wala usimlaumu shemeji peke yake, maana hata mumeo alikuwa hana kitu cha kukuachia.

Mila nazo zina maneno yake. Mwaka 1963 serikali ilitoa tangazo la sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Likasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, eti fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia ubaguzi dhidi ya wanawake ilitazama shauri la wajane wawili wa Shinyanga walioguswa na mila hizo, ikasema Tanzania imevunja haki zao. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alikwishaamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mtoto wa ndugu yake alidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Jaji akasema anayo, sawasawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu.

Maneno matamu yote hayo. Lakini kikao cha ukoo kinakaa chini ya mgomba saa nne asubuhi, na Jaji hayupo. Aliyepo ni shemeji, na shangazi mwenye sauti, na mjane aliyefunga kanga kiunoni macho mekundu. Pale penye kikao kinachoongea ni karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza, daftari lenye jina moja ni nusu daftari.

Sasa tufanyeje? Twende taratibu.

Kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji, ulizaneni ardhi ni ya nani. Kama ni kihamba cha mzee na mzee yu hai, akigawie mwanawe kwa maandishi, mbele ya ndugu na viongozi wa kijiji, na muhtasari upigwe mhuri. Vijiji vingi vinaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa jina la mume na la mke pamoja. Mzee akikataa kata kata jina la mkwewe, hilo nalo ni jibu. Mshukuruni, jengeni hapo kibanda cha kufikia, na ile nyumba kubwa mkaijenge kwenye kiwanja mlichonunua wenyewe, hata kama ni kilomita mbili kutoka kwa mama mkwe. Tena wapo akina dada watakaonishukuru kwa hizo kilomita mbili!

Mkinunua kiwanja, iwe Bagamoyo au kwingineko, mkataba wa mauziano uandikwe majina mawili kama wanunuzi. Nasisitiza, kama wanunuzi. Wengine wanamwandika mke kwenye mstari wa shahidi, anasaini, anatabasamu, anadhani amemiliki. Shahidi ni mtu aliyeona wenzake wakinunua, basi. Kama ni ardhi ya kijiji, hakikisheni halmashauri ya kijiji imeidhinisha. Kisha fuatilieni upimaji na hati.

Kwenye hati hapo kuna njia mbili, na nakuomba unisikilize vizuri, maana makarani wengi hawana muda wa kukueleza. Njia ya kwanza ni kumiliki pamoja bila mafungu, wote wawili ni kama mtu mmoja. Hakuna anayeweza kuuza peke yake, na mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai, haiingii kwenye mirathi. Njia hii sheria imeiweka hasa kwa ajili ya wanandoa. Njia ya pili ni kumiliki kwa mafungu, kila mmoja na lake, nusu kwa nusu au mtakavyokubaliana. Hapa mmoja akitaka kumuuzia fungu lake mtu wa nje, anahitaji ridhaa ya mwenzake kwa maandishi. Lakini akifariki, fungu lake linakwenda kwa warithi wake.

Ngoja nikupigie hesabu uone tofauti. Chukua nyumba ya milioni 40, na familia inayogawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu, mume amefariki kaacha mke na watoto. Nyumba ikiwa kwa jina la mume peke yake, yote inaingia kwenye mirathi, na mke anapata thumuni, yaani milioni 5. Ikiwa kwa majina mawili nusu kwa nusu, milioni 20 ni zake mwenyewe, hazigawanywi na mtu. Zinazogawanywa ni zile 20 za marehemu, anapata thumuni yake milioni 2 na nusu, jumla milioni 22 na nusu. Ikiwa wanamiliki pamoja bila mafungu, nyumba nzima inabaki kwake. Ni nyumba ile ile, na ndoa ile ile. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa maandishi.

Ila msichague kwa kutazama namba kubwa tu. Kama mume ana watoto wa mke wa kwanza, au mke ana mtoto aliyekuja naye, ile njia ya bila mafungu inaweza kuwaacha hao watoto mikono mitupu. Hapo njia ya mafungu ina haki zaidi. Kaeni, pimeni, ndipo mwandike.

Na kama nyumba ilikwisha kusimama kwa jina la mmoja? Usikate tamaa. Jina linaweza kuongezwa mkikubaliana. Tunza risiti zako, za bati, za saruji, za fundi, hata ujumbe wa simu wa fedha ulizotuma. Risiti ya dukani inafutika wino, ipige picha au itoe nakala. Ukisikia fununu kwamba mwenzako anaichuuza kichinichini, na ardhi ina hati iliyosajiliwa, unaweza kuweka pingamizi kwa Msajili wa Hati, mauzo yakasimama mpaka haki yako ijulikane. Kwa ardhi isiyo na hati, peleka barua kwa uongozi wa kijiji au mtaa mapema, nawe ubaki na nakala yenye mhuri. Mwenye kiwanja Paje au Jambiani aulize huko huko Zanzibar, maana mambo ya ardhi na ndoa kule yana sheria zake.

Sasa kazi ngumu kuliko zote: utamwambiaje mwenzako? Ukimwendea vibaya atasema, "Kumbe Mama Watoto unangojea nife?" Na mwanamume akileta mada hiyo ataambiwa, "Baba Watoto, kumbe hujaniamini miaka yote hii?" Usiizungumze akiwa ametoka kazini na njaa. Wala usiizungumze ndani ya basi mkiwa Korogwe, mama mkwe amekaa kiti cha nyuma anasikiliza. Ngoja siku ametulia, amekula, watoto wamelala. Sema, "Mume wangu, hii nyumba tumeihangaikia wote. Nataka mmoja wetu akitangulia, anayebaki asisumbuliwe." Mtu mwenye nia njema hatakasirika kwa maneno hayo. Akikasirika sana, tena akaanza kuuliza nani amekufundisha, basi una sababu nzuri zaidi ya kutaka kuiona hiyo karatasi. Wapo ambao kijumba cha mapumziko cha Bagamoyo wamekuja kugundua kina mama mwingine anayepumzika humo Jumatatu hadi Ijumaa! Huyo ndiye anayeishi humo kwa kawaida, wewe unakuja wikiendi kama mpangaji wa gesti.

Na wale ambao hamjafunga ndoa lakini mnajenga pamoja, nawaona mnavyojificha. Sheria inaweza kuwadhania mume na mke kama mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua hivyo. Lakini hiyo nayo ni dhana, ya kubishaniwa mahakamani. Ninyi ndio wa kwanza kuandika majina mawili, kabla hata ya wenye cheti.

Watu wanasema kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi sioni hivyo. Mbona bosi wako unamwamini na mkataba unasaini? Mbona kanisani na msikitini mnasaini vyeti mbele ya mashahidi, na hakuna aliyesema bibi harusi hamwamini bwana harusi? Mapenzi yako moyoni, na shemeji yako hawezi kuyasoma. Karatasi ataisoma.

Kwa hiyo kabla Desemba haijafika na nauli hazijapanda, fungua lile sanduku la chini ya kitanda. Toa karatasi za "kule kwetu", tafuta mstari wa jina la mmiliki, uhesabu. Kama yako mawili, funga sanduku ukalale. Kama ni moja, mwandalie mwenzako chakula kizuri jioni ya leo, muanze mazungumzo. Panapokuwa pagumu, mwone wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe, maana mimi ni mwandishi tu, sina joho.

Wiki ijayo tutawageukia mashemeji wanaokuja kusalimia siku mbili wakakaa miezi sita. Mpaka hapo, niwatakie wikiendi njema, na nyumba zenu zote mbili ziwe na amani.